Ng'ambo Ipi?

Maneno niliyoyasema mbele ya wanafunzi, walimu na wazee wa mtaa wetu, Ng'ambo, Unguja, siku moja baada ya Alasiri. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.

Assalaam alaikum. Walimu wangu, wazee wangu, na nyinyi wanangu mliokaa kwenye mikeka huku mbele kwa sababu viti havikutosha: ahsanteni kwa kuja. Mwalimu alinijia dukani akaniomba nizungumze juu ya mambo mawili. La kwanza, albamu ninazozipenda kuliko zote. La pili, ngoma gani zinakuja hapa mjini, ili vijana wajue pa kwenda. Nikakubali palepale, hata hesabu ya siku sikuifanya.

Basi juzi usiku nilizitoa zote, kanda, sidii na santuri chache nilizobaki nazo, nikazitandaza kitandani. Nikawa naigeuza moja moja nyuma, pale penye maandishi madogo, nisome imetolewa mwaka gani ili nisije nikakudanganyeni. Nikaanza kusoma: Ujerumani. Ufaransa. London. Ubelgiji. Nyengine Kampala. Waimbaji ni wa kwetu, maneno ni ya kwetu, hata picha ya juu ni kibaraza ninachokijua, lakini anwani karibu zote ni za mbali. Nikakaa nikatafakari neno letu hili la ng'ambo. Ng'ambo ni hapa tulipo, upande wa pili wa ule mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga mtaa wetu na Mji Mkongwe kabla haujafukiwa ikapita barabara. Na ng'ambo ni kule nje, Ulaya. Mtu akisema "hii kanda ya ng'ambo", ana maana ipi? Zile nilizozitandaza kitandani zina maana zote mbili kwa pamoja, na hilo ndilo nililokuja kuzungumza nanyi.

Wengi wenu mnanijua kwa kutengeneza simu. Wazazi wenu wananijua kwa kanda. Miaka ya tisini nilikuwa na duka la kurekodi Darajani, chumba kimoja chenye deki mbili, spika mbili na rafu hadi juu kwenye dari. Mteja alikuja na kanda tupu, au alinunua kwangu, akachagua nyimbo, nikamwandikia kwenye daftari, akarudi kesho yake. Kila asubuhi kabla sijafungua nilisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, maana vumbi la kanda za kahawia likikaa pale sauti ya fidla inakuwa kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Kanda ikinasa, niliichomoa taratibu kwa ncha ya penseli, nikaikunjua, nikaipitisha kwenye vidole, nikairudisha. Nilizijua kanda kama mvuvi anavyozijua nyavu zake.

Nami nilikula kwa kazi hiyo, nikaoa kwa kazi hiyo. Sikumlipa mwimbaji hata mmoja. Nilikuwa nikipata kanda moja halisi, naitoa nakala mia, na hakuna aliyeniuliza. Siku moja aliingia mzee mmoja dukani, kanzu yake imepigwa pasi, akasimama mbele ya rafu. Alikuwa mwimbaji, tena mkubwa. Jina lake sitalitaja, hayupo tena kunipa ruhusa. Akachukua kanda moja, akasoma mwandiko wangu wa kalamu ya wino juu ya karatasi, jina lake mwenyewe nimelikosea herufi moja. Akaniuliza, "Mwanangu, hii bei gani?" Nikamtajia bei. Akatia mkono mfukoni, akatoa noti, akalipa, akasubiri chenji, akaondoka na kanda ya sauti yake mwenyewe aliyoinunua kwangu.

Nilikuwa kijana, nikajiambia kuwa biashara ni biashara. Lakini ule mkono uliokuwa ukisubiri chenji nauona mpaka leo. Ndiyo maana mkiniona nimekuja kusimama hapa kwa jambo ambalo wengine wanaliita burudani tu, jueni kwamba nina deni.

Sasa albamu. Nitaanza na ninayoipenda kuliko zote, na nitakaa nayo.

Inaitwa Ng'ambo. Waliopiga ni Kidumbak Kalcha, ilitolewa mwaka 1997 na kampuni ya Dizim ya Ujerumani. Kwenye fidla yumo Makame Faki, yule wazee humu ndani mnamjua kwa jina la Sauti ya Dume. Kidumbak kila mtu hapa amekicheza, au ameshachungulia kupitia ua wakati mama zake wanakicheza. Ni mtoto wa taarab aliyekataa kukaa kitini. Taarab yenyewe ina vyombo vingi, watu wamevaa suti, wasikilizaji wamekaa wanatikisa vichwa. Kidumbak kinataka fidla moja, vidumbak viwili, zile ngoma ndogo, mkwasa, yaani vijiti vya kugonganisha, cherewa za kutikisa, na sanduku. Watu watano sita wanatosha, na uwanja wa nyuma ya nyumba unatosha.

Sanduku ndilo lililonikamata. Kwa wale ambao hawajalitizama kwa karibu: ni sanduku la mbao, kama yale yaliyokuja na majani ya chai, limepinduliwa chini juu. Katikati umetoka uzi mmoja, na uzi umefungwa kwenye ncha ya fimbo. Mpigaji anakanyaga sanduku lisikimbie, anaivuta fimbo nyuma uzi ukaze sauti ipande, anailegeza sauti ishuke. Hakuna alama, hakuna mahali pa kuweka kidole. Anaipata noti kwa bega lake na kwa sikio. Nilikuwa mtoto wa miaka minane au tisa nilipokaa karibu na sanduku kwenye harusi ya khalati yangu, karibu kiasi kwamba nilikuwa naisikia sauti tumboni kabla haijafika masikioni. Mpigaji alikuwa amefunga kitambaa kwenye kidole cha shahada, na kitambaa kilikuwa na damu. Sikumsikia akilalamika. Wimbo wa kidumbak hauishi upesi, mmoja unaingia ndani ya mwengine, saa nzima inapita na hakuna aliyepumzika, na wanawake wanaocheza hawataki upumzike.

Sasa, ile albamu ya Ng'ambo ilipofika dukani kwangu, aliniletea mgeni mmoja aliyekuwa amekuja kutembea. Nikaiweka kwenye mashine usiku, nimefunga mlango. Na ninasema kweli, nilikaa chini sakafuni. Maana kwenye kanda zangu zote za kidumbak, zilizorekodiwa na redio-kaseti iliyowekwa juu ya kiti katikati ya harusi, sanduku lilikuwa ni mngurumo tu wa mbali. Hapa lilikuwa chumbani. Nilisikia uzi ukikwaruza mbao. Nilisikia cherewa zikipishana na mkwasa, kila kimoja mahali pake. Yule mtu aliyeweka maikrofoni alikuwa ameiheshimu ngoma ya nyuma ya ua kama wanavyoheshimiwa wapigaji wa kwenye majumba makubwa. Nilikuwa nimeishi na muziki ule tangu utotoni, na usiku ule nilisikia vitu ambavyo vilikuwa vikinipita miaka yote.

Halafu nikafanya nini? Nikatoa nakala. Ndivyo nilivyokuwa.

Ya pili ni Chungu, ya Rajab Suleiman na kundi lake la Kithara, mwaka 2013. Ni ya nane katika mfululizo wa Zanzibara unaotolewa na Buda Musique ya Ufaransa, na mfululizo huo wote ni hazina, vijana mkipata nafasi usikilizeni kuanzia wa kwanza, ule uliotoka 2005 kwa ajili ya miaka mia moja ya taarab yetu. Lakini Chungu ina kitu chake. Rajab ni mpigaji wa ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na ganuni kwenye taarab ya vyombo vingi mara nyingi inakuwa kama maji yanayopita chini ya daraja: unajua yapo, huyatizami. Kwenye albamu hii ganuni imekaa mbele.

Mkimpata mpigaji wa ganuni kabla ya shughuli, nendeni mkakae karibu yake akiwa anaitia sauti. Nyuzi zake zimepangwa tatu tatu, kila tatu ni sauti moja, kwa hiyo moja ikiwa imepotoka kidogo tu inazichafua mbili za jirani. Anazungusha ufunguo, anapiga, anasikiliza, anazungusha tena, nyuzi zaidi ya sabini, moja moja, na huku watu wanaingia wanaburura viti na watoto wanalia. Kwenye vidole vya shahada amevaa pete mbili za chuma zenye vipande vya kupigia. Mtu aliyefanya kazi hiyo ya kutia sauti kwa nusu saa kabla hajapiga wimbo wowote, anastahili msikilizaji aliyefika kwa wakati. Sisi tunachelewa sana kwenye mambo ya muziki, na tunachelewa kwa makusudi.

Kuna ya Tanga, Nyota, ya Black Star na Lucky Star, iliyotolewa London mwaka 1989. Hiyo nitaipita haraka, wazee wangu mtanisamehe. Gitaa pale limechukua kazi ya udi, na lilipofika kwetu wapo waliosema hii si taarab. Leo hakuna anayebishana.

Nalitaja hilo la ubishi kwa sababu nataka kuwasemea vijana jambo moja, na najua wazee wengine humu mtakunja uso. Singeli. Naisikia kila Alhamisi na Ijumaa inapita mbele ya duka langu kwenye spika za bajaji. Ni kasi, mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika, na mwanzo nilidhani mashine imeharibika. Halafu kijana wangu wa kazi akaniletea Sounds of Sisso, ya mwaka 2017, mkusanyo wa studio ya Sisso pale Mburahati, Dar es Salaam, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nikavaa vifaa vya masikioni, nikasikiliza kama ninavyosikiliza kanda. Chini ya ile kasi nikazikuta harusi zetu. Vipande vya kinanda vya taarab vimekatwa, vimezungushwa, vimekimbizwa. Na nyuma yake upo mchiriku, ule wa vinanda vidogo vya betri na vipaza sauti vilivyopasuka, ambao Jagwa Music waliupeleka mpaka Ubelgiji, wakatoa Bongo Hotheads mwaka 2012. Ukoo ni mmoja. Vijana wa Mburahati walikuwa na kompyuta moja na umeme unaokatika, kama mpigaji wa sanduku alivyokuwa na uzi mmoja. Hawakumngoja mtu awape studio.

Huo ndio muziki ninaoupenda mimi, wanangu, muziki ambao haukungoja kupewa. Wengine wanauita muziki huru. Mimi nauita wa watu wenyewe. Na hapa Unguja una mizizi mirefu kuliko tunavyofikiri. Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na haikuwa kampuni ya mtu. Ilikuwa klabu, watu wenye kazi zao waliokutana jioni, vyombo vikawa vya wote. Culture Musical Club ya 1958 ni hivyo hivyo. Tulijua kujitegemea katika muziki kabla ya neno lenyewe kuingia kwenye siasa.

Na hapa ndipo ninapofika kwa Siti.

Mwaka 2020 ilitoka albamu inaitwa Siti of Unguja. Anayeimba ni Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, na ilitolewa na On the Corner ya London. Anaimba nyimbo za bibi yake, lakini vyombo vimefunguliwa, udi na fidla vinapita ndani ya miungurumo mipya, kama mtu anayetembea usiku kwenye nyumba aliyozaliwa. Upo humo Kijiti. Wazee mnakijua kisa: mwanamke mjamzito, mgeni aliyekuja kutoka bara, akauawa na mtu wa jina hilo, muuaji akavuka bahari akatoroka, na waliotiwa hatiani wakawa wanawake waliokuwa mashahidi. Siti aliliimba hilo zama za Mwingereza, mahakama zikiwa palepale mjini. Kitukuu wake anapolitamka jina la Kijiti leo, hapazi sauti. Analisema karibu kama siri, na nywele zinanisimama.

Nimekuambieni kuhusu anwani zile za nyuma ya sidii. Ningeweza kusimama hapa nikalia kwamba wazungu wamechukua muziki wetu. Nilikuwa nikisema hivyo zamani, kwenye kibaraza, kwa sauti kubwa. Kisha nikamfikiria Siti mwenyewe. Binti wa Fumba, mfinyanzi, aliyekuwa akibeba vyungu kuja kuuza mjini huku akiimba. Akahamia huku Ng'ambo yetu. Na mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli wakaenda Bombay kurekodi santuri. Bombay! Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki sauti yake kuingia kwenye santuri, na mashine ilikuwa India, na kampuni ilikuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo tangu santuri ya kwanza, anwani ilikuwa ya mbali.

Tofauti ni nini? Tofauti ni kwamba santuri zile zilirudi. Zilinunuliwa hapa, na Pemba, na Mombasa, na Lamu, na Dar. Mwenye gramafoni alikuwa mmoja mtaani, na barazani kwake walijaa watu ishirini, na wale ishirini waliyajua maneno, wakabishana juu ya maana, huyu anasema Siti kamsema fulani, yule anasema hapana. Santuri ilitengenezwa ng'ambo ya bahari na msikilizaji alikuwa Ng'ambo hii. Siku hizi mzunguko umekatika mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni kwetu. Yule mgeni aliyeniletea albamu ya Ng'ambo alikuwa haelewi neno hata moja la Kiswahili. Aliinunua kwao kwa pesa zake, akaisikiliza mpaka akaja kuitafuta nchi iliyotokea. Mimi niliyeyaelewa maneno yote, nilikuwa nairudufu.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kununua ni jambo lisilowezekana. Siti of Unguja ipo Bandcamp, mtandao wa kuuza muziki, na za Nyege Nyege zipo huko. Pale ukinunua albamu kwenye mtandao wao wanakata asilimia 15, zinazobaki, baada ya gharama za malipo, zinakwenda kwa waliotoa muziki. Inataka kadi, najua, na si kila mtu ana kadi. Shirikianeni wanne, watano, mnunue moja mkae muisikilize pamoja. Barazani kwa mwenye gramafoni hawakuwa matajiri.

Nimalizie albamu kwa Fusing the Roots ya Siti and the Band, 2018. Siti Amina anaimba na kupiga udi, na wenzake wamepita katika chuo chetu cha muziki, DCMA, kile kilichofunguliwa 2002 na ambacho watoto wa mtaa huu wamekaa madarasani mwake. Mabinti mliopo hapa, usikilizeni wimbo wa Nielewe. Ni wa mwanamke aliye ndani ya mateso ya ndoa na moyo wake uko kwenye kuimba. Mke wangu aliusikiliza mara mbili akiwa anapepeta mchele, mara ya pili akaacha kupepeta.

Sasa ngoma zinazokuja. Hili Mwalimu aliniomba nilipe nafasi, nami nimelibakishia makusudi.

La karibu kabisa halina tangazo. Vilabu vyetu vya taarab hufanya mazoezi jioni, Culture pale Vuga, Ikhwani Safaa ndio wale wenyeji wanaowaita Malindi. Ukiona mlango uko wazi na unasikia kodiani, toa salamu, omba ruhusa, kaa nyuma. Sijawahi kufukuzwa. Mtawasikia wakiurudia mstari mmoja mara saba, mtamwona mzee wa fidla akimrekebisha kijana bila kumwambia neno, anampigia tu palepale alipokosea. Huko ndiko nilikojifunza kusikiliza, na hawaulizi kiingilio.

Halafu mwezi wa Februari, Sauti za Busara, Ngome Kongwe. Vijana wengi mnadhani lile ni tamasha la watalii. Si kweli, na bei ya wenyeji ni ndogo mno ukiilinganisha na ya mgeni, wameiweka hivyo tangu zamani ili sisi tuingie. Lilianza 2004. Pale ndipo nilipomwona Bi Kidude kwa mara ya mwisho, amefunga msondo kiunoni, mwanamke wa umri ule amesimama juu ya ngoma yake ameitawala, na kuta zile za Ngome zikawa zinamrudishia sauti. Alikuwa ameshapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho makubwa ya muziki wa dunia, mwaka 2005, dunia inamjua, na watoto wa jirani zake walikuwa nje ya lango wanakula chipsi. Amefariki Aprili 2013. Kuna watu wazima mjini humu wanaoniambia, "Laiti ningemwona." Aliishi nao.

Na mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika. Fedha hazikupatikana, likaahirishwa mwaka mzima. Februari ile, Ijumaa usiku, nilipita Ngome Kongwe kwa mazoea. Lango limefungwa, paka amelala kwenye ngazi. Nilisimama pale kiasi cha muda wa wimbo mmoja mrefu, kisha nikarudi nyumbani. Tangu hapo kila mwaka nanunua tiketi yangu mapema, hata nikijua usiku fulani nitaumwa na mgongo nisiweze kwenda. Lango lile sitaki kuliona tena limefungwa.

Kwa wenye jamaa upande wa bara: Bagamoyo, Chuo cha Sanaa, wana tamasha lao la kila mwaka, kwa kawaida kuelekea mwishoni mwa mwaka. Kule ndiko nyumbani kwa ukoo wa Zawose, Wagogo waliotoka Dodoma na ilimba zao, ala za kupigwa kwa vidole gumba. Pendo na Leah Zawose walitoa Maisha mwaka 2024, wakijiita The Zawose Queens. Wanawake kwenye ukoo ule waliimba na kupiga ngoma miaka mingi nyuma ya Mzee Hukwe, sasa wamesogea mbele. Boti na basi, siku moja unafika.

Na harusi. Msizidharau harusi. Kidumbak hakina ukumbi, ukumbi wake ni harusi zetu. Ila nataka kuwakumbusha kitu ambacho mama zenu wanakifanya bila kukipa jina kubwa: kutunza. Mwimbaji amefika kwenye ubeti unaomgusa mtu. Mwanamke anainuka, noti ameishika kati ya vidole viwili, anakwenda mbele polepole akicheza, wala hakimbilii kufika. Anasimama mbele ya mwimbaji, wanatizamana, ubeti unaimbwa kwa ajili yake, kisha noti inapokelewa bila wimbo kukatika. Mimi nilikaa miaka na miaka nyuma ya kaunta nikiuza sauti za watu, na ule mwendo wa hatua kumi na mbili kutoka kwenye kiti hadi kwa mwimbaji sikuwahi kuutembea. Nilianza kuutembea nikiwa na mvi. Mara ya kwanza miguu ilikuwa mizito kama ya bwana harusi.

Wiki ijayo Jumamosi baada ya Isha, hapa hapa uwanjani kwenu, watapiga vijana watatu wa skuli hii. Mmoja ana udi wa kuazima, mmoja fidla, na wa tatu, binti wa kidato cha tano, amejitengenezea sanduku lake mwenyewe, nimeliona, uzi wake ni wa mshipi wa kuvulia. Kiingilio ni shilingi elfu mbili, na zinagawanywa kwa watatu wao. Nimeshalipa yangu. Mwalimu anazo karatasi pale mezani za kuandika majina.

Na leo wamekubali kutuonjesha kidogo. Nasikia huko nje binti ameshaanza kuivuta fimbo, anaitafuta sauti. Mwacheni aipate kwanza. Mimi noti yangu ninayo hapa mfuko wa shati.